Daktari ananiwekea simenti feki, ama ni juisi yangu inayokula meno?

Mama Meno habari ya huko. Nakuandikia nikiwa hapa Arua, Uganda, na nimekasirika kidogo, kwa hiyo unisamehe nikiandika ovyo. Nina miaka 34, watoto wawili, kazi yangu ni kuuza juisi. Si ya kiwanda, natengeneza mwenyewe: ukwaju, karkade (ile ya maua ya rosela), pasheni, na ile ya ndimu na tangawizi ambayo vijana wa boda wanaipenda kuliko chai. Nimeifanya miaka 6 sasa na ndiyo inalipa ada ya shule, nakuambia mapema kabisa usije ukaniambia niache.

Shida ni meno. Mwaka juzi nilianza kusikia baridi kwenye meno ya mbele ya juu, yaani nikinywa maji ya friji nashika mdomo mzima. Nikaenda kwa daktari wa meno hapa mjini, akaniwashia taa, akasema dada meno yako yamelika pale shingoni karibu na ufizi, akanionyesha kwenye kioo, kweli kulikuwa na vishimo kama mtu amechota na kijiko kidogo. Akaziba matatu na ile dawa nyeupe ya rangi ya jino, aliikoroga pale pale kwenye kikaratasi, unga na maji yake, akapaka, alafu juu akanipaka kama vaselini. La nne lilikuwa limemegeka kona, jino la mbele kabisa, hilo akaliziba na kitu kingine, akaniwekea taa ya bluu, tii, tii, tii, kikakauka hapo hapo. Zote pamoja nikalipa shilingi 240,000. Sikulalamika, kazi ilikuwa safi, ukinitazama hujui lipi limezibwa na lipi la Mungu.

Haikufika miezi 8. Zile tatu za shingoni zikaanza kuwa kama chaki, nikipitisha ulimi nasikia msasa. Alafu zikawa zinashuka, zinashuka, kama sabuni kwenye beseni, mpaka shimo likarudi. Moja ilitoka yenyewe nikila muhogo, nikaimeza bila kujua. Nikarudi akaziba tena, nikalipa tena. Zikaisha tena. Mwezi uliopita ni mara ya tatu, na juzi nimesikia msasa umeanza upya, ata mwezi mmoja haujaisha!! Lile la kona la taa ya bluu bado lipo, ila nalo lina mambo yake, limepoteza kung'aa, lina mstari wa kahawia pembeni kama mtu amechora na biki, na nikipitisha ukucha unakwama, ni kama dawa imekuwa ndefu kuliko jino lenyewe. Sasa dawa inaotaje?

Mdogo wangu anasema jamaa ananiwekea simenti feki ama iliyopitwa na tarehe, niende na mtu mkubwa nikadai pesa. Shemeji yangu naye kaona meno yamekuwa njano akasema nisugue ndimu na chumvi, nimesugua wiki mbili, yakazidi kuwa njano. Nikanunua unga wa mkaa wa kusugua meno. Na si kwamba mimi mchafu, napiga mswaki mara 4 kwa siku, kila nikimaliza kupika juisi naenda kupiga sababu meno yanakuwa na ganzi sitaki kuisikia.

Kitu kingine labda kina maana labda hakina. Juisi lazima nionje. Ukwaju wa gunia hili si ukwaju wa gunia lile, huu mkali huu umepoa, kwa hiyo naonja, naongeza sukari, naonja, naongeza maji, naonja. Siku ya soko naweza kuonja mara 30 ama 40, sijawahi kuhesabu. Lakini naonja kijiko tu, sinywi!

Maswali yangu: nidai pesa yangu? Nibadilishe daktari? Kuna dawa ya kuziba ambayo hailiki kabisa, ata kama ni ghali? Na mtoto wangu wa miaka 8 anabeba chupa ya karkade shule kila siku, yeye yuko salama?

Asante, Muuza Juisi, Arua

MAMA MENO ANAJIBU

Muuza Juisi dada yangu, bambi pole, kuziba jino mara tatu si mchezo kwa mfuko wala kwa roho. Umeniambia kitu cha maana kuliko vyote alafu ukasema "labda hakina maana". Hicho kijiko. Ndicho kinakula simenti yako, na kabla hakijaanza kula simenti kilianza kula jino, ndiyo maana ulienda kwa daktari siku ya kwanza.

Ngoja tuanze na jino lenyewe. Gamba la nje la jino, enameli, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kigumu kuliko mfupa, lakini limejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, na hayo madini yana adui mmoja mkubwa, asidi. Ukali wa asidi tunaupima kwa namba inaitwa pH. Maji safi ni 7. Ukishuka chini ya 5.5 hivi enameli inaanza kuyeyuka, na lile tabaka la njano la ndani, dentini, linaanza mapema zaidi, ata kwenye 6 na kitu. Sasa ndimu ni 2 na kitu. Ukwaju, karkade na pasheni zinacheza kwenye 2 mpaka 3 na kitu, na soda nyeusi iko kama 2.5. Usidanganywe na hizo namba ndogo ndogo ukaona ni karibu karibu, kila namba moja ukishuka asidi inazidi mara 10, kwa hiyo kutoka 5.5 mpaka 2.5 ni mara 1,000. Na sukari haiondoi asidi ata kidogo, inaficha tu, ulimi ndio unadanganyika, jino halidanganyiki.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua ganda la yai, litumbukize kwenye glasi ya ndimu yako, uliangalie linavyotoa mapovu, kesho lishike uone lilivyolegea. Ganda la yai si jino, lenyewe linaliwa haraka zaidi, lakini kazi ni ile ile.

Sasa wewe unasema "naonja kijiko tu, sinywi". Dada, afadhali ungekunywa! Mtu akinywa glasi nzima ya ukwaju na chakula chake akamaliza, mate yanakuja, yanasafisha, dakika kadhaa mdomo umetulia, na yale mate yana kalsiamu yanarudisha kidogo kilichotoka. Wewe unaonja, mate yanaanza kazi, kabla hayajamaliza unaonja tena. Mara 40. Mdomo wako siku ya soko hauna mapumziko toka asubuhi mpaka jioni. Ata wale watu wa Ulaya ambao kazi yao ni kuonja mvinyo wana shida hii hii, inajulikana kabisa, wanaonja na kutema kutwa nzima na meno yanaisha. Na ninavyokuelewa wewe unaonja na meno ya mbele, unavuta juisi fyuuu uisikie vizuri, sivyo? Ndiyo maana imekula mbele.

Sasa tuje kwenye hiyo simenti, maana hapa ndipo mdogo wako amemkosea daktari heshima.

Ulizibwa na vitu viwili tofauti na wewe mwenyewe umevieleza vizuri kuliko wanafunzi wengine niliowafundisha. Ile ya kukoroga unga na maji ni glasi ionoma. Unga wake ni glasi iliyosagwa laini sana, na yale "maji" yake, shika hapo, ni asidi. Vikikutana vinashikana vinakuwa jiwe. Walioitengeneza ni Alan Wilson na Brian Kent, kule London, wakaitangaza mwaka 1972, na si dawa ya kudharau hata kidogo. Inashika jino yenyewe bila kuchimba sana, inavumilia unyevu wa karibu na ufizi ambapo dawa nyingine zinakataa, na inatoa floraidi kidogo kidogo kulilinda jino. Ata ile njia ya kuziba meno vijijini kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine bila umeme, ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, na dawa inayotegemewa kwenye njia hiyo mpaka leo ni hii hii. Mimi nimeziba nayo watu wengi sana chini ya mwembe, mgonjwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na wengine nikikutana nao bado ninaiona kazi yangu mdomoni wakicheka.

Lakini ina udhaifu na udhaifu wake ni huo huo, asidi. Zile punje za glasi zimeshikwa pamoja na kalsiamu na aluminiamu, ndiyo misumari yake. Asidi ya ndimu na pasheni ina tabia mbaya kuliko asidi nyingine nyingi, haiyeyushi tu, inashika yale madini na kuondoka nayo, kama mtu anayepita juu ya bati lako anang'oa misumari mmoja mmoja. Bati linakaa kwa muda, alafu linaanza kupepea. Huo msasa unaousikia na ulimi ni punje za glasi zimebaki wazi zimekosa cha kuzishika. Alafu unakuja na mswaki mara 4 kwa siku unazifagia. Chaki, msasa, shimo, ndiyo njia yake, umeitaja yote kwa mpangilio.

Na kuna jambo nina wasiwasi nalo, hukuliandika lakini naliona. Ulipotoka kuzibwa, ulirudi sokoni siku hiyo hiyo? Maana ile dawa inaonekana imekauka ukiwa bado kwenye kiti lakini ndani inaendelea kushikana masaa 24 na zaidi, na ile vaselini uliyopakwa juu ni ya kuilinda na maji siku hiyo ya kwanza. Ukiionjesha ndimu saa 9 mchana wakati imepakwa saa 5 asubuhi, umemwaga maji kwenye zege bichi. Naona ndiyo maana hii ya tatu imeanza msasa kabla ata ya mwezi. Kama hukurudi sokoni siku hiyo basi nisamehe, nimekusingizia.

Lile la kona la taa ya bluu ni kitu kingine kabisa, inaitwa kompositi. Hiyo ni plastiki ngumu iliyochanganywa na punje za glasi. Na hapa kuna kitu kinanichekesha kila mara: ili ishike jino, daktari lazima kwanza apake asidi! Unakumbuka alikupaka kitu kama jeli, mara nyingi ni ya bluu, akasubiri kidogo akaosha na maji? Hiyo ni asidi ya fosforasi, sekunde 15 mpaka 30 tu, inakwaruza enameli ipate vishimo vidogo plastiki iingie ishike. Wazo hilo ni la mwaka 1955, la daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore. Kwa hiyo ukiona sekunde 30 za asidi zinatosha kubadilisha uso wa jino mpaka macho ya daktari yanaona limekuwa jeupe kama chokaa, fikiria wewe na kutwa yako nzima. (Jeli ile ni kali kuliko juisi, sawa, lakini nayo haikai kutwa.)

Kompositi yenyewe haiyeyuki kama ile nyingine. Asidi inailegeza juu juu, inaipotezea kung'aa, ikishakwaruzika inanyonya rangi, na wewe unashinda na karkade nyekundu, sasa ulitegemea nini. Pombe nayo inalegeza ile plastiki, hilo nakuambia tu kama jioni kuna waragi. Lakini jambo kubwa si hilo. Umeniuliza dawa inaotaje. Haijaota. Jino ndilo limeshuka! Wewe unajua barabara ya murram ikinyeshewa misimu miwili mitatu, udongo unabebwa, lile jiwe ambalo lilikuwa sawa na barabara unalikuta limesimama peke yake gari zinalikwepa. Jiwe halikukua. Hivyo ndivyo kompositi yako ilivyo, jino linalolizunguka limeliwa, lenyewe limebaki juu, na pale pembeni pamefunguka mlango, uchafu unaingia, ndio huo mstari wa kahawia. Daktari yeyote akiona dawa imesimama juu ya jino hivyo anajua mara moja huyu mtu ana asidi mdomoni, ni alama yetu ya siku zote, ata zile simenti za zamani za rangi ya fedha zinafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali lako la dawa isiyolika. Ipo kaure, yaani kitu kigumu kama cha vikombe vya chai, hiyo asidi ya matunda haiisumbui sana, ila ni ghali, na mara nyingi inabidi kuchonga jino zaidi ili ikae. Lakini hata nikikupa ya dhahabu, jino linaloishikilia bado ni la kalsiamu. Utakuwa na dhahabu imesimama kama lile jiwe. Mimi singekuruhusu utumie ata shilingi moja kwenye kaure kabla hujabadilisha namna ya kuonja.

Kuna njia ya kati ambayo kwako naona inafaa. Mwulize daktari kama ana ile glasi ionoma iliyochanganywa na plastiki, nayo inakaushwa na taa ya bluu, inavumilia asidi kuliko ya kukoroga peke yake ingawa haiifikii kompositi. Ama afanye sandwichi, chini glasi ionoma ishike vizuri dentini, juu aifunike na kompositi iwe koti la mvua. Kazi ya karibu na ufizi inataka pakavu, kwa hiyo mpe muda, usimwambie una wateja wanangoja.

Na pesa? Hapana, usidai na usiende na mtu mkubwa. Simenti haikuwa feki, mdogo wako amwombe radhi ata kimoyomoyo. Ila daktari wako ana kosa lake moja na nitalisema: mara tatu mtu anarudi na shimo lile lile na yeye hakumwuliza unafanya kazi gani? unakunywa nini? Huyo ni fundi anapaka rangi ukuta unaovuja, anapaka tena, anapaka tena, na kila mara analipwa. Haichukui dakika mbili kuuliza. Lakini na wewe hukumwambia, kwa hiyo rudi kwake, mweleze kama ulivyonieleza mimi, mwambie akupige picha ya meno na simu yako mwenyewe, miezi 6 baadaye mpige tena mlinganishe. Ukimwona anakusikiliza kaa naye. Akikukatisha na kushika sindano, tafuta mwingine. Jambo lingine, akitaka kukupaka jeli ya floraidi, ambayo kwako itakuwa nzuri, mwambie asitumie ile yenye asidi ndani yake, maana ipo, hiyo nayo inakwangua glasi ionoma na kaure. Atumie ile ya kawaida isiyo na asidi. Ukimwuliza hivyo atashangaa ulijulia wapi.

Sasa kuonja. Sikuambii uache kazi, mimi mwenyewe nikipita Arua nitataka hiyo ya tangawizi. Nakuambia nunua mizani. Pima ukwaju, pima maji, pima sukari, andika kwenye daftari. Gunia likibadilika onja mara moja, rekebisha, andika tena. Ukitoka mara 40 ukafika mara 4 au 5 tumeshinda nusu ya vita. Unapoonja, weka matone kwenye ulimi kutoka kwenye kijiko, usivute fyuuu kupitia meno, usisukutue, tema, alafu kunywa maji ya kawaida ukiyazungusha mdomoni. Weka chupa ya maji pale karibu na blenda isiondoke. Maziwa kidogo pia yanafaa sana. Ama tafuna chingamu isiyo na sukari, mate yaje mengi. Na tafadhali usimkabidhi mdogo wako kazi ya kuonja ukafikiri umetatua, mwaka kesho ataniandikia yeye.

Mswaki ndio unanitisha kuliko ndimu. Meno yakitoka kwenye asidi uso wake umelainika, kama udongo baada ya mvua, na wewe papo hapo unapita na jembe. Ukisikia ile ganzi ndiyo USIPIGE, sukutua maji, subiri nusu saa mpaka saa nzima. Mswaki laini, mara 2 kwa siku zinatosha, asubuhi kabla hujaanza kazi na usiku kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floraidi, angalia pembeni ya boksi utafute namba kati ya 1,000 na 1,500. Ukimaliza tema povu, usisukutue na maji mengi ukaiondoa yote. Ule unga wa mkaa wape wanaochoma muhogo. Ndimu na chumvi, mwambie shemeji asante lakini hapana, hapo ulikuwa unapaka asidi alafu unasugua na mchanga. Na hayo meno si machafu, dada. Enameli ni kama kioo chenye ukungu na dentini iliyo nyuma yake ni njano kwa asili, kioo kikipungua unene njano inaonekana. Ndiyo maana ulivyozidi kusugua yakazidi kuwa njano, ulikuwa unafungua pazia.

Kitu kimoja cha kujichunguza. Chukua kioo, angalia na upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, ule unaogusa ulimi. Kama na huko yamelika yamekuwa laini yanateleza, basi kuna asidi nyingine inatoka tumboni, na hiyo ni kali kuliko ndimu. Una kiungulia? Unaamka usiku mdomo mchungu? Mimba ya mwisho ulitapika sana? Kama ndiyo, mwone na daktari wa kawaida, hiyo mimi siwezi kuiziba. Na mtu akitapika asipige mswaki hapo hapo, achukue kijiko kidogo cha bekingi soda kwenye glasi ya maji asukutue. Bekingi soda, si bekingi pauda, ile pauda ina asidi yake ndani, nimeona watu wakikosea.

Hiyo ya tatu iliyoanza msasa, kama baridi inakuuma usingoje mizani, nenda wiki hii aifunike, na siku hiyo ukae nyumbani mpaka kesho yake, soko litakuwepo.

Mtoto wa miaka 8 na chupa ya karkade anayoinyonya kidogo kidogo kuanzia kengele ya kwanza mpaka ya kwenda nyumbani, hapana, hayuko salama. Magego yake mengi bado ni ya utoto na hayo gamba lake ni jembamba, na ya mbele ya ukubwa ndiyo yametoka juzi juzi bado hayajakomaa. Karkade anywe nyumbani, na chakula, glasi moja amalize. Shule abebe maji.